Mwendo wa Mataruma

Mlango wangu ulimfungulia marehemu mume wangu Jumanne moja, saa nne asubuhi, mimi nikiwa sebuleni nachambua mchele.

Sizushi. Nilizisikia hatua tangu uani: fupi, fupi, ndefu. Fupi, fupi, ndefu. Vidole vyangu vikaganda ndani ya ungo. Komeo likajivuta, na ile sauti ya mlango ambayo kwa miaka miwili haikulitamka jina lake ikasema, "Karibu nyumbani, Mrisho."

Ungo ukaniponyoka, mchele ukatapakaa sakafu nzima. "Baba Hidaya?" nikaita. Ndiyo, niliita. Mtu ambaye niliona jeneza lake likitolewa kwa mlango huohuo, nikamwita kana kwamba kachelewa tu sokoni.

Aliyeingia hakuwa Baba Hidaya. Alikuwa binti wa miaka thelathini hivi, kavaa gauni la kitenge, na chini ya gauni suruali ya chuma, ile wanayovaa watu ambao mgongo wao umeacha kusikilizana na miguu. Alikuwa ameduwaa kuliko mimi.

"Mwangaluka, mama. Haki ya Mungu, sijaugusa mlango wako. Umefunguka wenyewe."

"Rudi nje," nikamwambia.

"Samahani mama, mimi nilikuwa namtafuta Bi. Siwema Lugusha, yule wa..."

"Ndiye mimi. Rudi nje mpaka kwenye lango, halafu uje tena."

Akanitazama kama unavyomtazama mtu mwenye malaria iliyopanda kichwani, lakini akatii. Mlango ukafungwa. Nikafumba macho. Fupi, fupi, ndefu. "Karibu nyumbani, Mrisho," ukasema mlango, nami nikakaa chini palepale, juu ya mchele, nikalia.

*

Siku hizi hodi imekufa. Chini ya kizingiti cha kila nyumba kuna bamba linalosikiliza hatua nane za mwisho za mtu anayekuja. Likimjua linamfungulia, lisipomjua linampigia mwenye nyumba kengele. Mwendo wako ndio ufunguo wako, na ndiyo maana sheria ikasema mwendo mmoja, mtu mmoja, hakuna nakala. Baada ya eda nilitakiwa kulifuta jina la Mrisho mlangoni. Sikulifuta. Kila nilipotaka kulifuta niliona namfungia nje.

Mimi ni mpambanuzi katika Maktaba ya Mwendo hapa Tabora. Suruali ya chuma haijui kutembea, lazima ifundishwe na mtu aliyewahi kutembea. Kwa hiyo wapo watu wanaousia mwendo wao kabla ya kufa, kama wengine wanavyousia shamba. Kazi yangu ni kuupa kila mwendo jina, maana suruali husoma jina kwanza. Ikiambiwa huyu ananyata, inalegeza kisigino. Ikiambiwa huyu anajikongoja, inakaza kiuno. Ukikosea jina, mgonjwa anakwenda chini.

Orodha ya kwanza ya majina ilitujia kwa Kiingereza. Waingereza, tuwape haki yao, wametembea. Wana stroll, ya mtu aliyetoka kupunga upepo. Wana saunter, ni mtu yuleyule, ila sasa anajua anatazamwa. Wana amble, huyo hajali kama anatazamwa, wala hana pa kuwahi. Aliyechoka wanamwekea trudge, mguu mzito kama umetoka kwenye tope, na shuffle, mguu usionyanyuka kabisa. Kamati yetu ilikaa ukumbini wiki tatu kuyatafutia maneno. Mzee mmoja wa Pemba alishikilia kwamba kuchechemea, kuchopea na kuguchia ni vitu vitatu, na asiyejua tofauti asiguse mgonjwa. Lakini iliyotugombanisha hasa ni saunter. Wengine walisema madaha, wengine maringo. Mimi nilisema matao, na mpaka leo nasema matao: madaha mtu huzaliwa nayo, maringo ni ya kukudharau, matao mtu anayapiga ili umtazame. Tulikula biskuti nyingi sana za serikali kwa neno hilo moja.

Halafu ukaja mwendo wa mume wangu, ambao haukuwamo katika lugha yoyote.

Mrisho Kasubi alikuwa mkaguzi wa njia ya reli. Miaka thelathini aliitembea kwa miguu, kutoka hapa kuelekea Urambo, akikanyaga mataruma, yale magogo yaliyolazwa chini ya vyuma. Mtu mrefu kama yeye hawezi kuyatembea vizuri. Taruma kwa taruma ni karibu mno, ukiruka moja ni mbali mno. Basi akajitungia: taruma moja, taruma moja, ruka. Fupi, fupi, ndefu. Ikamwingia mifupani, akawa anatembea hivyo hata kwenye lami, hata akienda msikitini.

Mashine ya maktaba ilipousoma mwendo huo ikaandika: anachechemea.

Niliitukana ile mashine mbele ya watu. Mume wangu hachechemei! Mwenye kuchechemea ana mguu mmoja wa lawama, ndio kila mara unaohurumiwa. Mrisho hatua yake ndefu leo ni ya kulia, inayofuata ni ya kushoto, anaipa miguu zamu. Nikafuta neno la mashine, nikaandika langu: mwendo wa mataruma, mzima, hauna kasoro. Nikatia sahihi.

Na nikafanya jambo jingine, ambalo sikumwambia mtu. Kanuni inataka kila mwendo urekodiwe mara tatu: barabarani, penye watu, na nyumbani kwa mwenyewe. Tulimrekodi barabarani. Kabla ya zile nyingine mbili, moyo ukamsimama, hapo sebuleni, kwenye kiti chake cha kamba. Faili lenye pengo hufutwa. Nikaichukua rekodi ya barabarani, nikainakili mara tatu, nikaandika juu yake barabarani, penye watu, nyumbani. Nilikuwa bado nimevaa nguo za msiba. Sikuweza kumzika mara mbili kwa mwezi mmoja.

*

Binti aliniokotea mchele mimi nikijifuta uso. Aliinama kwa shida, chuma kikilia magotini.

"Naitwa Tunu Shija," akasema. "Ni mfugaji nyuki. Nilianguka nikishusha mzinga, mwaka jana. Sikujua kama huu mwendo ni wa baba wa humu ndani, mama. Hospitali hawatwambii. Mimi nimeona jina lako tu kwenye fomu: mpambanuzi, Siwema Lugusha. Nikaulizia unapokaa."

"Fomu ya nini?"

"Ya kufungwa. Ijumaa hii natimiza mwaka."

Nilielewa. Suruali ikitimiza mwaka, kuna mambo mawili tu. Kama mwendo ulioazimwa ni mzima, unafungwa, unakuwa wa mgonjwa maisha. Kama una kasoro, unafutwa, suruali inaachwa ifuate mwili wa mgonjwa mwenyewe, atembee atakavyoweza. Na kwa kuwa hakuna nakala, ukifutwa umefutwa.

"Hongera," nikasema. "Umepata mwendo mzuri. Hujawahi kuanguka, au umewahi?"

"Sijawahi."

"Sasa unalia nini?"

Hakuwa analia. Mimi ndiye niliyekuwa nalia, lakini mtu mzima akishikwa na aibu humsingizia mwenzake.

"Mama, mwezi wa nane tulimsindikiza binamu yangu, bibi harusi," Tunu akasema. "Unajua wanawake tunavyokwenda pale, taratibu, kiuno kinaongea. Mimi nimo katikati, fupi, fupi, ndefu, nawakanyaga khanga. Shangazi akaniambia toka kwenye mstari, unamharibia mwenzio. Nyumbani bibi ananiita Mkaguzi, eti natembea kama mtu anayepima kiwanja. Nacheka. Lakini si hilo."

"Ni lipi?"

"Nikiivua suruali usiku nikajishika ukutani, siku hizi miguu inaitika. Kidogo. Na mguu wa kushoto unajitupa nje." Akauonyesha kwa mkono, namna ya mtu anayemfukuza kuku. "Mama yangu alitembea hivyohivyo. Mtaani walituita pacha, tukija barabarani hawajui nani mkubwa. Mama alikufa nikiwa na miaka kumi na tisa. Sina picha yake yenye maana, sina sauti yake. Nina huo mguu tu. Nao kila ukitaka kutoka, baba wa humu ndani anaurudisha ndani."

"Daktari umemwambia?"

"Nimemwambia. Akasema bila huu mwendo nitachechemea maisha. Nikamwambia nataka kuchechemea kwangu. Akacheka, akaandika mgonjwa ana wasiwasi. Mgonjwa haulizwi, mama. Anayeulizwa ni mpambanuzi. Mashine mwanzoni ilisema baba anachechemea, nimeona kwenye fomu, ukaifuta. Rudisha tu lile neno. Neno moja. Hakuna atakayekuuliza."

"Mume wangu alikuwa hachechemei."

"Najua, mama. Nautembea mwendo wake kila siku."

"Unanitaka niandike uongo juu ya maiti, na kwa uongo huo nimfute. Umekuja na panga au umekuja kusalimia?"

Akainamisha kichwa. "Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako," akajibu polepole, na licha ya yote nusura nicheke, maana aliisema kwa adabu kabisa kama anayesoma hotuba.

Ningeweza kumfukuza. Nataka uelewe kwamba nilitaka kumfukuza. Tena nilitaka jambo baya zaidi: nilitaka Ijumaa ifike, afungwe, halafu nimwalike. Njoo unisalimie, mwanangu, njoo kila wiki. Mimi nikae hapa na ungo wangu, mlango unifungulie mume wangu kila Jumanne mpaka nife. Shetani hakuja na pembe. Alikuja na uji na maandazi, na maneno ya kumkaribisha mtoto wa watu.

"Umelia sana, mama," akasema Tunu. "Ngoja nikuletee maji."

Akainuka, akakata sebule kuelekea jikoni. Fupi, fupi, ndefu, juu ya sakafu yangu, pembeni ya kiti cha kamba, mpaka kwenye mtungi. Nikasikiliza kwa mwili mzima. Na kitu ndani yangu kikakataa.

Haikuwa sawa. Hatua zilikuwa za Mrisho, lakini humu ndani hazikuwa sawa.

Mrisho alikuwa akiviacha viatu vya kazi kizingitini. Mlango ukishafunguka, mataruma yanabaki nje pamoja na viatu. Anavaa ndala, kisha anaburuza. Shaa, shaa, shaa, mpaka jikoni, shaa, shaa, mpaka kwenye kiti, kama mtu aliyemaliza kunyanyua miguu kwa siku hiyo. Miaka thelathini nilimgombeza: "Baba Hidaya, nyanyua miguu, utanimalizia sakafu!" Naye anasema, "Nimeinyanyua tangu Urambo, Mama Hidaya. Niache." Katika nyumba hii, humu ndani, hakuna siku hata moja aliyotembea fupi, fupi, ndefu.

Ule mwendo wa nyumbani haumo katika maktaba yoyote. Ndio ulikufa naye. Nilichokuwa nimekihifadhi ni mtu anayekuja. Aliyefika sikuwa naye.

Tunu akanipa kikombe. Nikanywa.

"Nenda nyumbani," nikamwambia. "Sitaandika kwamba alichechemea. Hilo sahau."

Macho yake yakajaa. "Sawa, mama. Samahani kwa kukusumbua."

"Sijamaliza. Kabla hujaenda, tembea tena uani. Kutoka kwenye lango mpaka mlangoni. Mara tatu."

Alitembea mara tatu. Mara tatu mlango ukamkaribisha. Ya mwisho nilisimama kizingitini palepale nilipokuwa nikimpokea Mrisho mfuko wake wa spana, na mikono yangu ikanyooka yenyewe. Tunu hakujua afanye nini, akanipa kikapu chake. Nikakipokea.

*

Alhamisi asubuhi niliingia ofisini kwa Bwana Lukelesha, mkuu wetu wa maktaba, mtu mpole anayeogopa karatasi kuliko nyoka.

"Faili la Mrisho Kasubi," nikamwambia. "Ni pungufu. Rekodi tatu zilizomo ni moja. Nilizinakili mimi." Nikamweleza na ombi la Tunu.

Akavua miwani. "Dada Siwema, fikiri kabla hujaendelea. Ukitaka mwendo ule ufutwe, tubadilishe neno tu. Tuandike kuchechemea. Mashine yenyewe ilisema hivyo. Wewe unabaki na kazi yako, binti anapata anachotaka, tunakunywa chai."

"Alikuwa hachechemei."

"Marehemu hatajali!"

"Mimi nitajali. Kwa maandishi yangu mwenyewe nimlemaze mtu aliyetembea mpaka Urambo na kurudi? Andika kilichotokea. Andika Siwema Lugusha alidanganya. Mwendo huu ni wa njiani peke yake, haukutimia, haufai kufungwa kwa mtu yeyote."

"Watakuondoa kwenye upambanuzi. Unalijua hilo?"

"Mwenda pole hajikwai, Bwana Lukelesha. Mimi nilikwenda mbio, nimejikwaa. Nipe kalamu."

Akanipa. Nilipotia sahihi, kioo ukutani kiliuliza kama nina uhakika, kwa sauti ileile nzuri wanayotumia kwenye milango. Nikabonyeza ndiyo. Mstari wa hatua zake, ule mchoro wa vilima viwili vidogo na kimoja kikubwa, ukabaki kidogo kwenye kioo, kisha kioo kikawa cheupe. Nilikwenda kwenye meza yangu nikakusanya vitu vyangu, kikombe, kamusi mbili na sweta.

*

Nilikaa nyumbani. Wiki ya kwanza nilikaa nikiukodolea macho mlango. Jina la Mrisho bado lilikuwa humo, sikulifuta, lakini sasa hapakuwa na miguu duniani ya kulitaja. Hidaya, mwanangu, alinipigia kutoka Mwanza, akaniuliza nasikitika nini, kazi au baba. Nikamwambia nasikitika vyote, kisha tukaongea habari za wajukuu. Nilimtamani Mrisho kuliko hata mwezi ule wa kwanza. Mwezi wa kwanza kuna watu na kuna pilau. Mwaka wa pili kuna kiti cha kamba peke yake.

Nilikuwa nimeanza kuvaa ndala zake. Zangu zilikatika, sikuona haja ya kununua nyingine. Yeye namba kumi, mimi sita.

Wiki ya tano, asubuhi, nikiwa jikoni napalia makaa, nikasikia mtu uani. Sikumjua. Hatua moja ilitua, ya pili ikajitupa pembeni ikakwaruza mchanga, kukawa na kituo kirefu, kisha tena. Alikuwa anakuja kwa taabu na alikuwa hana haraka. Alijikwaa mara moja. Nilisikia akiguna, nikasikia akisimama wima. Zikafika hatua nane. Mlango ukanyamaza. Kisha kengele ikaanza kulia, na mtu wa nje akaikatisha kwa sauti.

"Hodi!"

Niliacha koleo likaanguka. Neno hilo sikulisikia mlangoni kwangu tangu bibi yangu yu hai.

"Hodi, mama! Hodi wenyewe! Ni mimi Tunu. Mlango wako leo haunijui!"

Alikuwa anacheka huko nje, anahema na anacheka. Nikafungua kinywa kumwambia karibu, nisubiri, nakuja kukufungulia kwa mkono wangu, nikatoka jikoni kwa haraka, na hapo nikasikia.

Shaa, shaa, shaa. Kutoka jikoni, pembeni ya kiti cha kamba, sakafu nzima ya sebule. Nikasimama, ikasimama. Nikaenda, ikaenda. Nikatazama chini, nikaona ndala namba kumi na vidole vyangu vikipwaya ndani yake.

"Mama? Upo?"

"Nipo," nikasema. "Karibu, mwanangu. Ngoja, tunakuja."

Sikunyanyua miguu. Niliiburuza taratibu mpaka mlangoni.